Sanamu Lililokonda

Alipoajiriwa katika kikosi cha zimamoto cha uwanja wa ndege walimpa jina la Kamba, kwa kuwa alikuwa mrefu, mkavu, na mwili wake wote haukuwa na nyama ya kumkopesha mtu. Jina likamganda. Akawa kiongozi wa gari la kwanza, akaoa, akapata watoto pacha, na bado akaitwa Kamba. Ulipokuja mwaka wa janga, jina lilibaki pale pale. Mwenye jina ndiye aliyelihama.

"Kamba gani hii sasa?" Dereva wa gari lao alimuuliza asubuhi moja, wakibanana kwenye kiti cha mbele. "Hii ya kufungia meli."

"Wewe endesha," Kamba alimjibu. "Usukani wenyewe unakukwaruza tumbo."

Watu wengi hawajui kikosi kama kile hufanya nini siku ambayo hakuna ndege inayowaka moto, nazo ndizo karibu siku zote. Kinangoja. Kanuni ni kwamba maadamu njia ya kurukia iko wazi, hata kwa ndege moja ya mizigo kwa kutwa, magari yawe yamejaa maji na watu wawe karibu na magari, buti zao zimesimama ndani ya suruali tayari kurukiwa. Kwa hiyo ndege za abiria ziliposimamishwa na mji ukafungiwa ndani, zamu ya Kamba haikufungiwa. Walipita barabara tupu kuja kazini, wakaelekezewa kipima joto kipajini pale langoni kama watu wanaotishwa kwa bastola, wakanawa mikono, wakaketi. Dirishani waliona ndege zimepangwa mstari, injini zimefunikwa turubai, na majani yameanza kuota kwenye nyufa za lami.

Kabla ya hapo kungoja kwao kulikuwa kwa jasho. Asubuhi walikimbia kando ya uzio, wakapanda ngazi na mpira wa maji begani. Alasiri walicheza mpira wa wavu, na upande ulioshindwa uliosha magari. Amri ya kujikinga ilipotoka, wavu ukashushwa. Chumba cha vyuma vya mazoezi kikatiwa kufuli. Vinyago vya hewa vikafungwa ndani ya mifuko ya plastiki, visivaliwe ila kwa moto wa kweli, maana mtu hawezi kupumulia alimopumulia mwenzake. Kila kitu cha kuwatoa jasho kilipigwa marufuku, na kwa busara kabisa. Kilichosahaulika kufungwa ni jiko.

Chakula nacho hakikuwa cha kutafuta. Kampuni iliyopikia ndege ilikuwa na ghala zima la trei za wali, nyama na keki zilizogandishwa, zisizo na msafiri wa kuzila. Badala ya kuzitupa, ikawa inazileta kituoni kwa mkokoteni. Kisha wakaja wahisani. Walisimama mita kadhaa mbele ya magari mekundu, wakapigwa picha na mashujaa wa mstari wa mbele, wakaacha katoni za soda na biskuti. Hakuna mhisani aliyewahi kuleta matango.

Mwenye jiko alikuwa mtu mmoja mpana, mpole, ambaye kazini alishika mzinga wa kurushia povu la kuzimia moto juu ya gari na baada ya hapo alishika mwiko. Walimwita Bwana Jiko. Yeye na Kamba waliajiriwa mwaka mmoja, na kwenye moto waliingia wawili pamoja, kama ilivyo desturi ya kazi ile kwamba mtu haingii moshini peke yake. Trei za ndege alizidharau. Alizifungua zote, akazimimina kwenye sufuria moja, akaongeza mafuta, vitunguu na viazi, akaiita hiyo "marekebisho."

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mtu wa nje hawezi kulidhania. Waliambiwa kwamba kukosa hamu ya kula na kutosikia ladha ni dalili. Mwenye dalili alipelekwa kutengwa kwa wiki mbili katika bweni la chuo fulani, na zamu yake yote ikapimwa kwa kijiti cha puani. Kwa hiyo mezani mle watu hawakula kwa njaa. Walikula kwa kuogopana.

Siku moja Kamba alisukuma sahani yake ikiwa nusu.

"Vipi?" Bwana Jiko aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba, au huisikii ladha?"

Viti viwili vilisogea nyuma bila mtu kuonekana akivisogeza. Dereva alipandisha barakoa yake hadi chini ya macho. "Mwambie ataje kilichomo," alisema. "Kamba, sema, mna nini humo?"

"Mna chumvi nyingi na mpishi mjinga."

Walicheka, lakini hawakurudisha viti. Kamba aliivuta sahani, akala hadi punje ya mwisho, akaifuta kwa kipande cha mkate, akainyanyua waione. Ndipo viti vikarudi. Tangu siku hiyo hakuacha kitu sahanini, na Bwana Jiko, kwa kuwa alimpenda, akawa anamwongezea.

Suruali yake ya moto ilianza kukataa kufungwa. Mtunza stoo alimpa ya saizi ya juu bila kuuliza, na baadaye ya juu yake. Nguo za zimamoto zina mikanda ya mabegani na nafasi ya kutosha. Ni nguo zinazomstiri mtu mpaka asijione. Kamba alijiona nyumbani, akiinama kufunga viatu na kulazimika kupumzika baada ya mguu mmoja.

Aliishi ghorofa ya pili na mkewe, Mama Pacha, mwalimu wa chekechea ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Alijaribu kuruka kamba sebuleni. Siku ya pili tu, jirani wa chini, karani mstaafu wa mahakama, aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio, kisha akapanda ngazi mwenyewe.

"Kijana, unatwanga nini?"

"Nafanya mazoezi, Mzee."

"Mazoezi ni yako. Chokaa inayoanguka kwenye chai ni yangu."

Akaacha kuruka. Akaanza kukimbia kuzunguka jengo alasiri, barakoa usoni, na mezani nyumbani akawa anakula kidogo ili kufidia ya kazini. Mwezi ukapita hivyo. Mashavu yakaanza kushuka, na yeye akafurahi. Waliobaki hawakufurahi. Mwaka ule mtu anayekonda hakuambiwa hongera. Muuza maziwa alianza kuacha chupa kwenye ngazi ya chini kabisa na kuondoka mbio. Mwanamke wa mlango wa pili alimuuliza Mama Pacha kwenye kamba za kuanikia nguo, akiwa amegeuza uso, "Baba Pacha anaendeleaje?" kwa ile sauti inayotumika kuuliza habari za mgonjwa. Halafu pacha walirudi ndani mchana mmoja wakasema wenzao wameitwa ndani wasicheze nao.

Jioni hiyo Mama Pacha alipakua sahani, akaijaza, akaiweka mbele ya mumewe, akafungua dirisha la upande wa ngazi.

"Kula, Baba Pacha."

"Dirisha la nini?"

"Wakuone unakula."

"Mama Pacha, mimi nina mtihani. Ndege zikirudi tutapimwa. Nikishindwa kumvuta Abiria nashushwa garini."

"Mtihani bado. Watoto wako ni leo."

Alikula. Karani mstaafu alipita ngazini, akaona, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Huyo Abiria aliyemtaja hakuwa mtu. Lilikuwa sanamu la turubai lililoshonwa kwa umbo la mtu, tumbo na mapaja yake yakajazwa mchanga mpaka likawa na uzito wa mtu mzima, kisha likavikwa suti kuukuu ya moto. Lilikaa kwenye banda la mazoezi nyuma ya kituo. Mtihani wa zimamoto una sehemu nyingi, lakini wote walijua kwamba unaamuliwa na ile moja: umevaa mtungi wa hewa mgongoni, unamshika Abiria kwapani, unamburura kutoka ukuta mmoja wa banda hadi mwingine kabla muda haujakwisha. Anayeshindwa anashushwa garini na kupelekwa langoni, kuinua na kuteremsha kizuizi cha magari mpaka astaafu.

Kamba alimwogopa Abiria kuliko alivyowahi kuogopa moto. Alikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba ambayo kila kitu kilimfikia kikiwa kimeshatumika: viatu, daftari, hata kazi yake ya kwanza alirithishwa na kaka aliyefukuzwa. Kiti cha mbele cha gari la kwanza, upande wa kushoto, ndicho kitu pekee maishani alichokipata kikiwa kipya na kwa mwili wake mwenyewe. Walioshushwa langoni aliwajua. Aliwapita kila asubuhi, wakimpungia mkono wamekaa.

Tangazo lilipotoka kwamba ndege za abiria zitarudi na mkaguzi anakuja, Kamba alingoja wenzake waingie kula, akasema anakwenda kukagua mipira ya maji, akaingia bandani peke yake. Alimshika Abiria kwapani, akarudi nyuma kinyumenyume kama alivyofundishwa. Alifika nusu. Magoti yakaanza kutetemeka, kifua kikakataa kupanda, akajikuta ameketi juu ya tumbo la sanamu kama msafiri aliyechoka kungoja akakalia mzigo wake. Kutoka jikoni alisikia vijiko na sauti ya Bwana Jiko ikiwaambia watu wamwachie Kamba nyama.

Mshono wa sanamu ulikuwa mgongoni, umefungwa kwa uzi mnene wa kitani. Aliipandisha ile suti, akaufungua. Akachota mchanga kwa kofia yake ya chuma, mara moja, akatazama, akachota tena. Akaumwaga kwenye ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto zilizopangwa ukutani, mahali ambapo mchanga hauulizwi umetoka wapi. Ndoo zilikuwa zimejaa mpaka mdomo na nyingine zimefurika sakafuni. Hakujiuliza kwa nini. Alifunga uzi, akajiambia kwamba huo ni msaada wa muda. Atafanya mazoezi, na kila wiki atamrudishia Abiria kofia moja, hadi watakapokuwa sawa tena yeye na sanamu. Kisha akaenda kula.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwembamba kutoka makao makuu, mwenye saa ya mkononi na kiatu cha raba, asiyecheka wala kununa. Mkuu wa kituo alimpokea na kumwonyesha banda. Walioitwa kwanza walikuwa wa gari la kwanza. Kamba alivaa mtungi na kinyago, kilichoruhusiwa kwa siku ya mtihani, akainama, akapitisha mikono kwapani mwa Abiria, akakaza mgongo kwa ule uzito aliouacha.

Abiria alinyanyuka kama mtoto aliyelala.

Kamba nusura aanguke chali. Alijua alichochota, na alichochota hakikufikia hapo. Ndani ya suti kuukuu turubai lilikuwa limelegea, mapaja yamekunjika, tumbo limeingia ndani. Alirudi nyuma haraka, akisikia pumzi yake mwenyewe ndani ya kinyago, na alipofika ukuta wa pili alimlaza sanamu taratibu, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mle bandani kata zilikuwa nyingi. Alitazama nyuso za wenzake. Dereva alikuwa akifunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Mkuu wa kituo alikuwa akimwelezea mkaguzi habari za paa.

Ukafika wakati wa kusema. Angeweza kuvua kinyago akasema, huyu apimwe kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa gari. Alivua kinyago, akajifuta jasho, akasogea pembeni kumpisha Bwana Jiko.

Bwana Jiko alimburura Abiria akiimba kwa pua, na alipofika mwisho akamtupa begani kama gunia la pamba, watu wakacheka. Hata mkaguzi alitabasamu kidogo.

"Kikosi hiki kimejitunza," alisema. "Nimepita vituo vingine, hali ni mbaya."

"Tunajitahidi," Mkuu alijibu.

Wote walifaulu. Mchana huo Bwana Jiko aliongeza nyama. Walipokuwa wakinawa, Dereva alimsogelea Kamba, akazungumza akiutazama mfereji.

"Na wewe ulichota?"

"Kuchota nini?"

"Haya," Dereva alisema, na akafunga maji.

Abiria hakurudishiwa mchanga. Kamba alikusudia, na yawezekana kila mmoja wao alikusudia. Lakini kurudisha kofia moja kungekuwa na maana gani ikiwa kila mtu alichota zake? Na anayerudisha zote, mtihani ujao si atawaangusha wenzake? Zamu ilikuwa na msemo wake: zamu haimwangushi mtu wake. Zamani ulikuwa msemo wa motoni.

Ndege zikaanza kurudi, mbili, kisha tano kwa siku. Turubai zikavuliwa kwenye injini. Ile kampuni ya chakula ikafungua tena ghala lake, ikawasha majokofu yaliyokuwa yamezimwa tangu trei za zamani zilipokwisha, na alasiri moja nyaya za majokofu hayo zikashika moto.

Gari la kwanza lilifika kwa dakika chache za kujivunia. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, wa plastiki. Mfanyakazi mmoja alikuwa nje akipiga kelele kwamba mwenzake amebaki ndani. Kwa kweli mwenzake alikuwa ametokea mlango wa nyuma na alikuwa upande wa pili wa jengo akitafuta maji ya kunywa, lakini hilo lilijulikana baadaye. Kamba na Bwana Jiko waliwasha mitungi, wakaingia.

Mle ndani walikwenda kwa magoti, mkono mmoja ukutani, Kamba mbele. Walipita safu ya rafu zilizopangwa trei. Waliita, wakasikiliza. Kila waliposimama kusikiliza, Kamba alisikia pumzi ya mwenzake: nzito, ya haraka, ya mtu anayemaliza hewa ya watu wawili. Hawakuwa wameenda mbali filimbi ya mtungi wa Bwana Jiko ilipoanza kulia, ile filimbi inayosema hewa inaisha, toka.

Kamba alimgusa bega, wakageuka. Walikuwa wameshaipita rafu ya kwanza kurudi, na Kamba tayari aliuona mwanga wa mlango, mwanga hafifu wa kijivu, wakati Bwana Jiko alipokaa chini. Hakuanguka. Alikaa, kama anavyokaa mtu aliyeshiba, akaegemea rafu, mkono kifuani.

"Twende," Kamba alisema ndani ya kinyago. "Twende, mlango huu hapa."

Bwana Jiko alisema kitu. Kamba alisikia "ngoja" tu.

Alizunguka nyuma yake, akapitisha mikono kwapani, akakaza mgongo, akavuta. Mikono yake ilikuwa imezoea uzito fulani, na kwa sekunde nzima haikuelewa. Hakuna kilichosogea. Alivuta tena. Safari hii mwili ulisogea kidogo, buti zikakwaruza sakafu. Akavuta, akavuta. Magoti yalianza kutetemeka vile vile kama siku ile bandani. Kifua kilikataa kupanda. Trei zilianguka kutoka rafuni zikawamwagikia. Kisha ikalia filimbi ya mtungi wake mwenyewe.

Kanuni ya kazi iko wazi, na Kamba alikuwa ameifundisha kwa wengine: filimbi yako ikilia, unatoka, la sivyo watakuja kutafuta wawili. Alimwachia. Alitambaa hadi mlangoni, akavua kinyago, akaonyesha kwa mkono. Dereva na mtu wa gari la pili waliingia, wakatoka kuita msaada, wakaingia tena wanne, na hao wanne walimtoa Bwana Jiko nje. Alikuwa bado anapumua walipomlaza kwenye lami. Hospitalini hakufika akiwa hai. Daktari alisema moyo.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache, kama ilivyoamriwa siku zile. Hotuba ilikuwa fupi. Ilisemwa kwamba marehemu alikuwa imara na amefaulu vipimo vyote vya afya miezi michache tu kabla ya kifo chake. Kamba aliisikiliza akiwa amesimama nyuma, na Mama Pacha alimshika mkono akadhani analia.

Baada ya siku kadhaa alikwenda kumsalimu mjane. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, safi, viti vimesukumwa ukutani, na juu ya kabati la vyombo picha ya Bwana Jiko alipoajiriwa: kijana mwembamba, kola ya sare imempwaya. Mjane alimkaribisha, akamwekea chai, akaketi mbali naye kidogo.

"Shemeji," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa naye."

"Ndiyo, shemeji."

"Nimeambiwa alikuwa mbali sana na mlango. Kwamba ndiyo maana."

Kamba alitazama kabati lile. Kutoka alipoketi hadi kwenye kabati ndio uliokuwa umbali wenyewe, labda na hatua ya ziada.

"Alikuwa mbali," alisema.

"Na alisema chochote?"

"Alisema ningoje."

"Ukangoja?"

"Nilingoja kadiri nilivyoweza, shemeji."

Mjane aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru. Kisha akamletea sahani ya chakula, na Kamba akala, kwa kuwa kukataa chakula cha mfiwa ni kumwongezea msiba.

Kesho yake asubuhi aligonga mlango wa Mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa mtu wa miaka mingi kazini, sauti ya chini, shati la sare likimbana vifungo vya tumboni. Alimwonyesha kiti. Kamba hakukaa.

"Mkuu, nishushe garini."

"Upumzike? Chukua wiki."

"Sisemi kupumzika. Nishushe. Nipeleke langoni."

Mkuu alivua miwani, akaifuta. "Kwa sababu gani?"

"Sina nguvu ya kumtoa mtu. Mlango niliuona, Mkuu. Niliuona kwa macho yangu."

"Umefaulu mtihani."

"Mkuu, unajua ule mtihani."

"Najua nini?"

Nje, gari la pili lilikuwa likijaribu king'ora, kikalia, kikakatika.

"Kamba," Mkuu alisema, bila kupandisha sauti, "unadhani mimi umri huu, na mwili huu, nilimvuta Abiria akiwa na mchanga wake wote?" Alisubiri neno hilo liingie. "Sikiliza. Nikikushusha, makao makuu wataniuliza kwa nini. Nikisema mwili umemzidi, wataniuliza alifauluje. Nikijibu hilo, watampima Abiria. Wakimpima Abiria, wataandika kwamba marehemu naye hakustahili kuwemo garini. Na aliyekuwemo garini bila kustahili, mjane wake hahesabiwi mjane wa mtu aliyefia kazini. Ile nyumba anayokaa ni ya kikosi. Umetoka kwake jana. Una la kumwambia?"

"Basi turudishe mchanga," Kamba alisema. "Kimyakimya. Tuanze mazoezi upya."

"Turudishe. Na mwezi wa ukaguzi, nani atafaulu? Dereva? Wewe?"

"Watashindwa, ndiyo. Watajua."

"Watashushwa kikosi kizima, na uwanja utafungwa, na watakaoletwa badala yetu watakuwa wamefaulu kwa sanamu lao." Mkuu alivaa miwani tena. "Zamu haimwangushi mtu wake. Tulimwangusha mmoja. Usitake tumwangushe tena akiwa kaburini."

Kamba alitafuta neno. Alikuwa na moja tu, na hilo lingemtoa mjane nyumbani.

"Kile kiti ulikitaka," Mkuu alisema. "Nakumbuka siku ulipopewa. Ulikuja hapa hapa kunishukuru. Ndege ya saa nane imeomba kutua mapema. Nenda ukakae garini."

Alikwenda. Kwenye mzinga wa povu alikuwa ameketi mtu mgeni, aliyehamishwa kutoka zamu nyingine, ambaye alimsalimu kwa uchangamfu na kumwambia ni heshima kuingia moshini na mtu kama yeye. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Kamba alishika vyuma viwili vya mlangoni, akajivuta mara moja, akarudi chini, akajivuta tena, akafika kitini, akafunga mkanda chini ya tumbo.

Waliondoka taratibu hadi mahali pao pa kungojea kando ya njia ya kurukia. Ndege ilitokea upande wa jua, ikashuka, ikagusa lami, ikapita mbele yao kwa kishindo. Ilikuwa imejaa. Kwenye kila dirisha palikuwa na kichwa, mtu mzima baada ya mtu mzima, na Kamba aliwatazama mmoja mmoja mpaka ndege ikageuka, akikadiria uzito wao.